Mbeya hadi Singida kwa pikipiki ndogo: nini kinaharibika njia ya Mtera, nini kinaharibika njia ya Rungwa

Anayetoka Mbeya kwenda Singida na kuendelea kaskazini ana njia mbili. Ya kwanza ni lami mwanzo mwisho: Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa Nyang'oro, bwawa la Mtera, Dodoma, kisha Manyoni. Ya pili inapanda safu ya milima ya Mbeya, inashuka Chunya, inafika Makongolosi bado ikiwa lami, halafu inaingia pori la Rungwa hadi Itigi na kutokea Mkiwa, kwenye barabara kuu ya Manyoni–Singida. Hii ya pili inaokoa karibu kilomita 200.

Vijiweni ubishi hauishi. Mmoja anasema lami ni lami, mwenzake anauliza kwa nini uzunguke. Ubishi huo hauna mshindi, kwa sababu njia hizi haziiumizi pikipiki mahali pamoja. Ya Mtera inatesa injini. Ya Rungwa inakula tairi, mnyororo na kila nati iliyofungwa nusunusu. Pikipiki iliyoandaliwa vizuri kwa moja inaweza kukuangusha kwenye nyingine, na iliyo sawa kabisa kwa mizunguko ya Mbeya mjini, Mwanjelwa na Uyole, haijawa tayari kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Tunazungumzia pikipiki ambazo watu wanazo: Boxer BM 150, TVS HLX, Haojue na nyingine za cc 100 hadi 150, zenye kabureta, injini inayopozwa na upepo na breki za dramu. Zinaiweza safari hii bila wasiwasi. Ila akiba yake ni ndogo. Oili ni kama lita moja tu injini nzima, tanki la Boxer BM 150 ni lita 11, na tairi zake ni nyembamba. Gari lina nafasi ya kukusamehe ukikosea kidogo, pikipiki ya namna hii haina.

Kabureta iliyopangwa Mbeya

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kileleni mwa barabara ya Chunya, pale Kawetere, unapita mita 2,400, ambako shinikizo la hewa ni takribani robo tatu ya lile la pwani. Bwawa la Mtera likijaa, maji yako kwenye mita 698 hivi. Ukishuka kutoka Mbeya hadi Mtera, shinikizo la hewa linaongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Kabureta haijui hayo. Inapitisha petroli kwa tundu la jeti, na tundu halibadiliki. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inazidi: pikipiki inakuwa nzito, plagi inashika masizi meusi, mafuta yanaliwa. Hewa ikiwa nzito, petroli inapungua kulinganisha na hewa, na moto wa ndani ya silinda unapanda joto.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Pikipiki yenye jeti yake ya kiwandani haina shida ya kushuka Mtera. Imezidiwa petroli kidogo ikiwa Mbeya, ikishuka inakaa sawa. Hatari iko kwa pikipiki iliyobanwa, yaani mwenye nayo alilalamika inakula mafuta, fundi akaweka jeti ndogo au akaishusha sindano ya kabureta. Kwa Mbeya imekuwa tamu. Ikifika bonde la Mtera mwezi wa Oktoba, jua kali, mizigo nyuma na upepo ukisukuma kutokea mgongoni, injini inachemka hadi pistoni inagandamana na silinda.

Dalili huja mapema kwa anayezisikiliza. Pikipiki inavuta vizuri asubuhi, halafu baada ya saa moja inaanza kupoteza nguvu kwenye mwinuko mdogo. Ukifungua mafuta ghafla unasikia mlio wa kugonga kutoka kwenye silinda. Ukiona hivyo simama kivulini dakika 20, na uendelee kwa mwendo wa chini. Usiimwagie maji, kwa kuwa chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kupasuka au kupinda.

Uhakika unaupata kwenye plagi, nyumbani kabla ya safari. Tembea kilomita kama 5 kwa mwendo utakaoutumia safarini, kisha vuta klachi na zima injini wakati huohuo, usiiache iungurume wakati unasimama. Fungua plagi. Kahawia hafifu ni sawa. Nyeusi ya vumbivumbi, petroli imezidi. Nyeupe au kijivu kama jivu, petroli haitoshi, na hapo mwambie fundi arudishe jeti ya kiwandani na sindano mahali pake. Asikutulize kwa kuzungusha skrubu ya hewa tu. Skrubu ile inatawala silensa, yaani injini ikiunguruma bila kufungua mafuta, na mwanzo wa kufungua mafuta. Ukishafungua zaidi ya robo, kazi ni ya sindano na jeti kubwa, na skrubu haina la kusema.

Oili nayo ina mkanganyiko wake. Pikipiki hizi klachi inaogelea kwenye oili ya injini, kwa hiyo tafuta 20W-50 ya pikipiki za mipigo minne, yenye alama ya JASO MA kwenye chupa. Oili nyingine za magari zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Matokeo yake injini inaunguruma na mwendo hauongezeki. Badilisha oili siku moja kabla ya kuondoka, beba nusu lita, na pima kila unapojaza mafuta, pikipiki ikiwa imesimama wima, si kwenye stendi ya upande. Kwenye injini ya lita moja, upungufu wa mililita 300 ni karibu theluthi ya oili yote.

Mwendo wa lami uwe 60 hadi 70. Ukuta wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 60 hadi 80 unasukuma upepo wenye nguvu karibu mara 1.8. Hiyo ni petroli na joto, na faida yake kwa saa nzima ni kilomita 20 tu. Nyang'oro shuka na gia ya tatu, ya pili kwenye kona kali, breki ukizibonyeza na kuziachia. Anayeshuka na nyutro ili kuokoa mafuta anaziachia bleki shuu kazi yote, na dramu ikishapata moto breki zinalegea kabisa, mara nyingi ukiwa katikati ya mteremko.

Hesabu ya mafuta ya Rungwa

Kutoka Makongolosi hadi Mkiwa ni takribani kilomita 413. Lami inajengwa kwa vipande, lakini hesabu ya mafuta ifanye kama vile yote ni vumbi. Makongolosi jaza hadi shingoni.

Kwanza ujue pikipiki yako inakula kiasi gani ikiwa imebeba. Takwimu za dukani zinapimwa na mtu mmoja, mwendo mmoja, barabara safi. Pakia mzigo wako wote, jaza tanki, tembea kilomita 100 za vumbi, jaza tena, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Pikipiki nyingi za biashara mita zimekufa, basi tengeneza waya wa mita kwanza, maana bila huo hutajua umetumia nini wala umebakiza nini.

Tuseme umepata kilomita 35 kwa lita. 413 gawa kwa 35 ni lita 11.8. Ongeza robo kwa ajili ya mchanga, kurudi nyuma ulipopotea njia na kutembea gia ndogo, unapata kama lita 15. Tanki ni 11. Zinakosekana lita 4, basi beba 5, na hapo huna ubishi na mtu.

Lita 5 hizo ziwe kwenye dumu la chuma lenye mpira mzima kwenye kifuniko. Vituo vinaweza kukataa kujaza madumu ya plastiki, na hata vikikubali, plastiki inayosuguana na keria siku nzima hutoboka. Acha nafasi ya kama sehemu moja ya kumi juu, petroli hutanuka kwa joto. Lifunge upande usio na ekizosi. Ulilojaza Makongolosi lifungue taratibu, litatoa pumzi. Uhamishe kwenye tanki injini ikiwa imepoa, mapema, tanki likifika nusu. Ukisubiri hadi liishe kabisa utaimimina jua likiwa utosini na mahali usipopachagua.

Vijijini utakuta petroli ya chupa. Inasaidia, ila iangalie dhidi ya mwanga. Maji hukaa chini kama tabaka linaloteleza chupa ikiinamishwa. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, na ukiona injini inakosakosa baadaye, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, acha vijiko viwili vitatu vimwagike, funga. Mara nyingi maji yote yanatokea hapo.

Rasta, mchanga na tope jeusi

Rasta ni mawimbi madogo yanayotokea barabara ya changarawe ikipitwa na magari mengi bila greda. Kwa pikipiki ndogo kuna mwendo wa aina mbili unaovumilika: chini ya 25, tairi inapanda na kushuka kila wimbi, au karibu 50, tairi inagusa vichwa vya mawimbi tu. Katikati, kwenye 35 hivi, kila kitu kinatikisika na ndipo keria zinapokatika. Lakini ukitembea 50 tairi haishiki ardhi vizuri, breki ni nusu ya ulivyozoea na kona haikati. Kona inapokaribia shuka mapema hadi 25, upite ile 35 haraka.

Mtikisiko unalegeza nati kwa mpangilio unaojulikana: keria, ekizosi, madigadi, kibao cha namba, boliti za shokapu. Njia rahisi ya kuzifuatilia ni rangi ya kucha. Kaza nati, chora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho pembeni yake. Kila unaposimama, mtazamo wa sekunde chache unakuonyesha mstari uliovunjika. Njiti za ringi zigonge moja moja kwa spana: zilizokaza zinatoa mlio mkali, iliyolegea inatoa mlio mfu.

Mzigo wa juu ya keria usizidi kilo 15 au 20. Keria imekaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila kilo inayoongezwa pale inainua tairi ya mbele, na tairi ya mbele nyepesi kwenye mchanga haikusikilizi. Vitu vizito, kama vifaa na maji, viweke kwenye mabegi mawili ya pembeni, chini kadiri inavyowezekana.

Mnyororo unahitaji maelezo ya kutosha, maana kosa lake limeenea sana. Watu wanaukaza pikipiki ikiwa tupu. Ukipakia, nyuma inashuka, swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, inabadilisha pembe, na umbali kati ya sproketi ya injini na ya gurudumu unaongezeka. Mnyororo uliokuwa sawa sasa umekaza kama waya wa kuanikia nguo. Unavuta beringi na sili ya shafti ya gia, na oili inaanza kuvuja kwenye sproketi ndogo. Pakia kwanza, dereva akae, ndipo upime: sukuma mnyororo wa chini katikati, ucheze sentimita 2 hadi 3. Zungusha gurudumu upime sehemu nne, kwa kuwa mnyororo uliotumika haulingani, halafu rekebisha ukifuata sehemu iliyokaza kuliko zote. Kipini cha kiungo, kile cha umbo la samaki, mdomo uliofunga uelekee anakokwenda mnyororo. Ukikigeuza, jiwe moja linatosha kukitoa.

Usiupake oili chafu ya injini. Ina masizi na chembe za chuma, na ikishika vumbi la Rungwa inatafuna sproketi. Tumia oili ya gia namba 90, kidogo, jioni mnyororo ukiwa na joto, na asubuhi ufute inayong'aa nje.

Upepo wa tairi upime asubuhi zikiwa baridi. Ukiwa na mzigo: PSI 25 mbele, 32 nyuma. Kuna wanaoshusha sana ili kupata ulaini. Kwa tairi nyembamba yenye tyubu, jiwe litabana tyubu dhidi ya ringi na kuacha matundu mawili yanayotazamana, au tairi itazunguka kwenye ringi na kung'oa mdomo wa valvu, na tundu la pale halizibiki.

Pancha utapata. Beba tyubu mbili nzima, maleva mawili, pampu, viraka, solusheni, na spana ya nati ya ekseli ya nyuma, ambayo wengi wanaisahau kwa kuwa haimo kwenye kifurushi kilichokuja na pikipiki. Boxer ina inchi 17 mbele na nyuma, kwa hiyo kwa dharura tyubu ya mbele inakufikisha hata ikiwekwa nyuma.

Ukishatoa tyubu usiweke nyingine mara moja. Mwiba wa mgunga bado umo ndani ya tairi, ncha ikiwa imechomoza milimita moja, na ndiyo sababu mtu anapata pancha ya pili kilomita 10 mbele akadhani tyubu ni mbovu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote, taratibu. Kitakwama. Sukuma mwiba utoke kwa nje. Tia tyubu mpya upepo kidogo ili isijikunje, ipange, halafu rudisha ukingo wa tairi ukianzia upande ulio mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu, huku upande wa kwanza ukiukanyaga uzame katikati ya ringi. Ukizama vizuri, sehemu ya mwisho inaingia kwa viganja. Ukilazimika kutumia leva mwishoni, kuna uwezekano mkubwa unaitoboa tyubu uliyotoka kuiweka.

Kiraka kikibanduka, kosa huwa ni haraka. Sugua tyubu hadi mng'ao upotee, paka solusheni nyembamba kupita ukubwa wa kiraka, subiri kama dakika 5 hadi ukigusa pembeni haing'ang'anii kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kutoka katikati kwenda nje.

Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikiwa imenyesha, tatizo linakuwa tope jeusi la mbuga. Linajaa kati ya tairi ya mbele na madigadi hadi gurudumu linasimama. Vua madigadi ya mbele kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Korongo lenye maji litembelee kwa miguu kwanza. Maji yakifika usawa wa chujio la hewa, usipite. Injini ikizimika ndani ya maji usiipige kiki: itoe, fungua plagi, zungusha injini hadi maji yaishe kutoka kwenye tundu, mwaga bakuli la kabureta, kausha chujio. Oili ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, usiwashe mpaka uibadilishe.

Baridi na malori

Kwa njia ya Iringa, tatizo la barabarani ni malori ya Tunduma. Likipishana nawe linakusukuma kwanza, kisha linakuvuta. Legeza mikono kwenye usukani, bana tanki kwa magoti, na kaa mbali na ukingo wa lami ulioporomoka. Inyala ina historia ya malori kukatika breki, kwa hiyo kwenye mteremko huo usikae mbele ya lori hata kama linakwenda polepole. Muache apite.

Juni hadi Agosti, asubuhi ya Mafinga na Makambako inauma. Hewa ya nyuzi 10 ukiwa na mwendo wa 70 ngozi inaihisi kama nyuzi 5, na vidole vilivyokufa ganzi havibani klachi wala breki kwa wakati. Magazeti kifuani chini ya koti yanazuia upepo vizuri sana. Glavu ni lazima. Kama ukungu umefunga, subiri jua.

Porini

Mbung'o wa Rungwa hufuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vaa nguo nzito za kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, na ufunge suruali kwenye buti. Dawa ya mbu haiwazuii sana.

Safari ya pori iwe kati ya jua kuchomoza na saa kumi jioni. Baada ya hapo wanyama wanasogea barabarani na taa ya pikipiki hizi haioni mbali. Tembo akiwa barabarani simama mbali, mita 100 au zaidi, geuza pikipiki ielekee ulikotoka huku injini ikiwa hai, umpe muda. Usipige honi, na usipite kati ya mama na mtoto.

Mtandao wa simu unakatika sehemu ndefu. Kabla ya kuondoka Makongolosi mwachie mtu saa unayotarajia kufika Itigi na saa ambayo, akiwa hajakusikia, aanze kuuliza. Beba maji lita 5 kwa kila mtu, mbali na ya kupikia.

Ikiharibika na ukashindwa, baki na pikipiki. Isogeze pembeni, weka matawi barabarani hatua 50 mbele na 50 nyuma, na ukae upande wenye uwazi unaouona vizuri, si chini ya kichaka kinene. Magari hupita, ingawa kwa kusubiriana. Pikipiki inapakiwa kwenye lori ikiwa imelazwa tanki likiwa tupu, au imesimama ikiwa imefungwa kamba nne: mbili kutoka usukani, mbili kutoka keria, shokapu za mbele zikiwa zimebonyezwa nusu ili kamba zisilegee kwenye rasta. Funga bomba la mafuta, na bei mkubaliane kabla haijapandishwa.